Programu za Kupanga Vioo vya Darubini: Nilizozijaribu Arua na Ninazobaki Nazo

Nianze na hukumu, mwenye haraka aende zake. Kama darubini yako ya vioo ni ya f/8 au zaidi (yaani umbali wake wa fokasi ni mara nane ya upana wa kioo kikuu au zaidi) na unaitumia peke yako, huhitaji programu yoyote kuvipanga vioo vyake. Kifuniko chenye tundu dogo katikati kinatosha, na kinatengenezwa nyumbani. Kama ni ya f/5, au kama nyuma yako limesimama darasa zima linalotaka kuona unachokiona, pakua Collimation Circles, tafuta kamera ndogo ya USB, halafu usome hadi pale ninapoeleza habari ya kuizungusha kamera. Ukipapita hapo, programu itakuchorea maduara mazuri mno mahali pasipo pake.

Nafundisha fizikia katika sekondari moja hapa Arua, Uganda. Klabu yetu ya anga ina darubini mbili za mtindo wa Newton. Ya kwanza ni ya milimita 150 na umbali wa fokasi milimita 1200, yaani f/8, imekalia kitako cha mbao alichokitengeneza seremala wa hapa mjini. Ya pili ni fupi, milimita 130 kwa 650, yaani f/5. Tuliachiwa na mtu aliyemaliza mkataba wake wa kazi huku West Nile akarudi kwao. Zote zilipanda basi kutoka Kampala, karibu kilomita 500, na anayeijua barabara hiyo anayajua matuta yake. Kioo kinachoshikwa na springi tatu hakifiki kama kilivyoondoka.

Kwa asiyeijua shughuli yenyewe: darubini ya Newton ina kioo kikuu chini kabisa ya bomba, kilichochimbwa kwa umbo la parabola, na kioo kidogo bapa karibu na mdomo, kilicholazwa nyuzi 45 ili kiupeleke mwanga ubavuni, kwenye bomba la fokasi unapoweka jicho. Kolimesheni ni kuvipanga vioo hivi viwili mpaka mhimili wa kioo kikuu upite katikati ya bomba la fokasi. Vikipishana, nyota inaota mkia upande mmoja, kasoro iitwayo koma, na mikanda ya Mshtarii inakuwa ukungu mtupu. Watoto watakwambia "Madam, naona" kwa adabu tu, lakini hawajaona kitu.

Kiasi cha kosa ambacho darubini inaweza kukivumilia kinapungua haraka sana uwiano wa fokasi, ile namba ya f, unaposhuka. Kanuni inayotumika ni kwamba kipenyo cha eneo lisiloharibiwa na koma, kwa milimita, ni takriban 0.022 mara mchemraba wa uwiano wa fokasi. Piga hesabu: kwa f/8 unapata milimita 11, kwa f/5 hata 3 hazifiki. Ile fupi inadai usahihi mara nne ya ile ndefu. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuzungumzia programu ileile, mmoja akaisifu na mwingine akasema ni kupoteza muda, na wote wakawa wakweli.

Kwa nini basi nilihangaika na programu hata kwa ile ndefu? Ni mkono. Bomba lina urefu wa zaidi ya mita moja, skrubu za kioo kikuu ziko chini, jicho liko juu. Huwezi kuchungulia huku unakaza. Zamani tulikuwa wawili: mimi juu nachungulia, mzee wetu wa maabara chini na bisibisi. "Kushoto kidogo, mzee." "Kushoto kwako au kwangu, binti?" Tulikuwa tunamaliza tumechoka, na picha yenyewe nimeiona mimi peke yangu. Sasa kamera inakaa mahali pa jicho, laptopu iko juu ya kiti cha plastiki kando ya mkia wa darubini, na mtu mmoja anakaza skrubu huku anaangalia skrini. Kwa shule, faida hii inazidi usahihi wote unaosifiwa kwenye matangazo: watoto arobaini wanaona kwa wakati mmoja kioo kikisogea kwa robo mzunguko wa skrubu, na wanabishana kati yao ni skrubu ipi inayofuata.

Kamera yetu ni ya bodi tu, ya USB, yenye sensa ya pikseli 1280 kwa 960 na lenzi ndogo ya kuzungushwa kwa mkono. Nimeifunga ndani ya kile kikopo cha plastiki cha filamu ya zamani ya picha. Kikopo hicho kinaingia vizuri kwenye bomba la fokasi la inchi moja na robo, na studio za picha za mjini bado zinavyo vimetupwa kwenye masanduku, omba, watakupa. Lenzi iwe ya tundu dogo, kwa sababu kamera inatakiwa ione kwa wakati mmoja ukingo wa kioo kidogo ulio karibu na vishikizo vya kioo kikuu vilivyo mbali kabisa. Kwenye ukuta wa ndani wa bomba, mkabala na bomba la fokasi, bandika karatasi nyeupe ili ukingo wa kioo kidogo uonekane wazi. Katikati ya kioo kikuu lazima pawe na alama. Darubini nyingi huja nayo, na isipokuwepo, kile kipete cha karatasi cha kuimarisha matundu ya faili kinafanya kazi hiyo. Kikae katikati kabisa, kipimwe na rula, maana kila kitu kitafuata pale kilipo. Usiogope kuwa kinaziba kioo: kinakaa ndani ya kivuli cha kioo kidogo, mwanga wa nyota haufiki hapo.

Sasa Collimation Circles yenyewe. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Kwetu hilo ni jambo kubwa kwa sababu kompyuta za maabara zina Linux. Inachofanya ni kidogo na inakifanya vizuri: inafungua dirisha angavu juu ya dirisha la kamera, nawe unachora humo maduara kadiri unavyotaka, kila moja na rangi yake, unene wake na ukubwa wake. Unaweza pia kuongeza alama za mikono inayoshika kioo kidogo, za skrubu na za vishikizo vya kioo kikuu, kisha ukahifadhi mpangilio wote ili kesho usianze upya. Mimi nina mpangilio mmoja kwa kila darubini. Duara jekundu linafuata ukingo wa kioo kidogo, la kijani linafuata ukingo wa kioo kikuu unaoonekana ndani yake, na la njano ni dogo, la kuzingira kile kipete. Unalisogeza jekundu kwanza, ukihakikisha kioo kidogo kimekaa chini ya bomba la fokasi. Kisha unakiinamisha kioo kidogo mpaka vishikizo vyote vya kioo kikuu vionekane sawasawa ndani ya kijani. Mwisho unamalizia na skrubu za kioo kikuu. Ukumbuke tu kwamba maduara yamechorwa juu ya skrini na hayajashikamana na picha: mtu akisukuma dirisha la kamera, hayafuati. Na darasani daima yuko wa kusukuma.

Hapa ndipo pa kuzungusha kamera. Nilikuwa na S3, yaani sekondari mwaka wa tatu, maduara yote yamekaa, kipete kiko katikati ya la njano, darasa limeridhika. Nikalegeza kiskrubu cha bomba la fokasi, nikaigeuza kamera nusu mzunguko papo hapo ilipo, nikakaza tena. Huwa nafanya hivyo kusudi. Picha ikapinduka, na kipete kikatoka nje ya duara. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akaniuliza: "Madam, mbona alama imehama na hakuna aliyegusa kioo?"

Swali hilo ndilo tathmini yote ya programu hizi. Programu haijui katikati ya darubini ni wapi. Inajua katikati ya picha, na hivyo ni vitu viwili mbalimbali, kwa sababu sensa haijakaa katikati ya kikopo, wala lenzi haijakaa katikati ya sensa. Nilihifadhi picha zote mbili tukazipima mbele ya darasa: kabla ya kugeuza, kipete kilikuwa kwenye pikseli ya 688 kwa 452, baada ya kugeuza, 622 kwa 530. Mhimili ambao kamera inauzunguka, ambao ndio mhimili wa bomba la fokasi, uko nusu ya njia kati ya alama hizo mbili: 655 kwa 491. Katikati ya picha ni 640 kwa 480. Anayepanga vioo vyake kwa kufuata katikati ya picha amevipanga kwa uangalifu mkubwa kuelekea mahali ambapo jicho halitakuwapo.

Dawa ni rahisi. Hamisha kitovu cha maduara yote hadi kwenye hiyo nusu ya njia, geuza tena kamera, uone kama kipete kinazunguka kitovu hicho kwa umbali uleule. Kikifanya hivyo, sasa una kipimo, na ndipo uguse skrubu za vioo. Kwa sababu hiyo, sharti langu la kwanza kwa programu yoyote ya kazi hii ni kuniruhusu kuhamisha kitovu. Yenye msalaba usiohama wa katikati ya picha sihangaiki nayo, hata ikiwa na rangi za kupendeza. Na ukikaza kile kiskrubu cha bomba la fokasi, angalia skrini: kamera ikisukumwa upande, ongeza mzunguko mmoja wa utepe kwenye kikopo ili kisicheze.

Jambo la pili ambalo maduara hayatakwambia linaihusu zaidi ile fupi. Kwenye darubini ya f/5 kioo kidogo hakitakiwi kuwa katikati kwa kila namna. Mwanga unaorudi kutoka kioo kikuu unasinyaa kwa umbo la koni, kioo kidogo kinaukata kwa mshazari, kwa hiyo kinatakiwa kisogee kidogo kuelekea kioo kikuu na kwenda mbali na bomba la fokasi. Kiasi chake ni kama upana wa kioo kidogo gawa kwa mara nne ya uwiano wa fokasi. Chenye upana wa milimita 40 kwa f/5 unapata milimita 2. Matokeo yake kwenye skrini ni kwamba kivuli cheusi cha kioo kidogo, kile unachokiona kimeakisiwa ndani ya kioo kikuu, kinakaa upande mmoja wakati kila kitu kingine kiko sawa. Anayeanza anakiona, anasikitika, anaanza kukilazimisha kiingie katikati, na kazi yote inaharibika. Mimi sichori duara lolote kwenye kivuli hicho, na nimewakataza wanafunzi kulichora.

SharpCap ni programu kubwa zaidi, ya kuendesha kamera na kurekodi picha za anga. Maduara ni sehemu ndogo tu ya kazi zake. Ni ya Windows pekee. Sehemu yake ya bure ina alama za kulengea za maduara, kitovu chake kinahamishwa kwa kipanya, na hapo maduara yanakaa ndani ya dirisha lilelile la kamera kwa hiyo hakuna la kusukumana. Kwa mwenye laptopu ya Windows na nia ya kupiga picha za sayari siku moja, aanze na hii, asipakue mbili. Ina pia vipimo vya kusaidia kutafuta fokasi, ambavyo nimevitumia kuliko nilivyotarajia. Kwa darasa, hata hivyo, ina vitufe vingi mno; mtoto akibonyeza kimoja, picha inakuwa nyeusi na dakika kumi zimekwenda.

Simu sipendekezi, ingawa najua ndiyo kila mtu anayo. Ziko programu za simu zenye maduara, na wazo ni zuri, lakini kamera za simu nyingi za siku hizi zina lenzi inayoelea ili kutuliza mtikisiko wa mkono. Lenzi ikielea, katikati ya picha nako kunaelea. Ongeza fokasi inayojitafuta yenyewe, mara kwenye kioo kidogo, mara kwenye kioo kikuu, na kila inapojitafuta ukubwa wa picha unabadilika kidogo. Ukiweza kufunga fokasi na kuzima huo utulizaji, na ukawa na kishikio kigumu, itakusaidia kuona kama mambo yameharibika sana. Kuyamaliza, hapana.

Baada ya maduara inakuja nyota, kwa sababu darubini inapimwa kwa nyota. MetaGuide ni ya bure, nayo pia ni ya Windows, na imeundwa kwa ajili ya hatua hii ya mwisho. Inachukua video ya nyota moja iliyo kwenye fokasi, inazipanga fremu zake juu ya nukta yenye mwanga mkali zaidi, na kuzijumlisha papo hapo. Msukosuko wa hewa unajifuta wenyewe kwa kuwa unakwenda huku na huku. Koma haijifuti, kwa kuwa inavuta upande uleule daima. Unabaki unaona kisahani cha Airy, yaani kile kiduara ambacho nyota lazima iwe hata darubini ikiwa kamilifu, na pete yake ya kwanza. Pete ikiwa nzito upande mmoja, vioo bado. Kwa darubini ya milimita 150, nusu kipenyo cha kisahani hicho ni kama sekunde 0.9 ya tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya nyuzi moja), na kwa f/8 kipenyo chake kizima juu ya sensa ni maikromita 11 hivi. Kamera ya pikseli za maikromita 3.75 inakipa pikseli tatu, haitoshi kuona umbo lolote, kwa hiyo lenzi ya Barlow, ile ya kuikuza picha, ni ya lazima. Kwa kazi hii lenzi ndogo ya kamera inafunguliwa na kutolewa. Sensa inabaki uchi.

Tatizo la huku kwetu si programu, ni anga. Miongozo karibu yote inasema: elekeza kwenye Nyota ya Kaskazini, kwa sababu haihami. Huyo anayeandika yuko Ulaya au Marekani. Arua tuko nyuzi 3 kaskazini mwa Ikweta, kwa hiyo nyota hiyo iko nyuzi 3 hivi juu ya upeo, nyuma ya miembe, moshi wa nyasi zinazochomwa na vumbi la kiangazi. Kampala ndiyo kabisa, inalala kwenye upeo wenyewe. Nyota zinazotupitia juu kichwani ndizo zinazokimbia kuliko zote, sekunde 15 za tao kwa kila sekunde moja ya saa. Sensa yetu ina upana wa milimita 4.8, ukiweka Barlow ya mara 2 kwenye ile ndefu, inaona sekunde 410 tu za tao. Nyota inaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili ndani ya sekunde 27, na darubini yetu haina mota. Ndani ya sekunde 27 uangalie pete, uamue skrubu, ukaze, urudishe nyota.

Ukienda kusini kasi inapungua. Suheli, ambayo kwenye programu utaikuta kwa jina la Canopus, inakwenda kama sekunde 9 za tao kwa sekunde, lakini ikiwa juu kabisa inafika nyuzi 34 tu, na kwa urefu huo hewa inaanza kuupasua mwanga wake, wekundu upande mmoja na ubuluu upande mwingine. Rijili Kantori, yaani Alpha Centauri, ni ya polepole zaidi na inang'aa, ila ni nyota mbili zilizotengana sekunde chache za tao. Programu inayotafuta mwanga uliovutika upande mmoja itaupata, na hautakuwa wa vioo vyako. Sirius inapita juu vizuri, nyuzi 70, ila inakimbia. Mwenye mota atafurahia MetaGuide tangu usiku wa kwanza. Sisi wa kusukuma kwa mkono tunahitaji nyota isiyohama, na hiyo inatengenezwa.

Inatengenezwa kwa gololi ya beringi. Nenda gereji yoyote ya boda, watakupa iliyotoka kwenye beringi mbovu. Isafishe ing'ae, ibandike kwenye kadi nyeusi, uisimamishe mwisho wa uwanja wa mpira asubuhi, jua likiwa chini. Darubini itazame magharibi na jua liwe mgongoni mwako. Hapo nasisitiza: asiwepo hata mtoto mmoja wa kuigeuza darubini upande wa mashariki. Gololi ya milimita 6 inalifanya jua kuwa nukta ya kama milimita 0.014. Kutoka mita 60, nukta hiyo ina upana wa sekunde 0.05 ya tao, ndogo sana kuliko kisahani cha Airy, kwa hiyo kwa darubini ni nyota kamili. Kwa ile ndefu, fokasi itahitaji kuvutwa nje milimita 25 hivi zaidi ya ilivyo kwa nyota za mbinguni. Ikiwa bomba lako la fokasi ni fupi, ongeza kipande cha bomba au usogee mbali zaidi. Wahi kabla ardhi haijapata moto. Kufikia saa tatu na nusu hewa juu ya uwanja inachemka, na hata MetaGuide haiwezi kujumlisha kitu kutoka kwenye mchemko ule.

Kwa gololi, ile f/5 niliimalizia bila haraka, mwanafunzi mmoja kwenye skrubu, wengine kwenye skrini. Pete ilikuwa imejaa upande wa chini kulia; robo mzunguko wa skrubu moja ikaruka upande wa pili, nusu ya robo ikarudi ikakaa. Skrubu za darubini hizi ndogo ni za meno makubwa, kwa hiyo mkono mwepesi una kazi kuliko programu. Usiku wake Mshtarii ilikuwa na mikanda miwili yenye kingo, na doa la kivuli cha mwezi wake mmoja lilionekana bila mtu kuambiwa pa kutazama.

Tahadhari moja ya mikono. Kioo kidogo kirekebishwe bomba likiwa limelala. Ukilisimamisha na ufunguo wa skrubu ukakuponyoka, hautakuwa na pengine pa kuangukia isipokuwa kwenye kioo kikuu. Lakini kioo kikuu umalizie bomba likiwa limeinuka, kwa sababu kinakaa tofauti kidogo kwenye springi zake kinapolala na kinaposimama, na huku kwetu sayari zinapita karibu na utosi. Kukipanga juu ya meza ya maabara, bomba limelala kabisa, halafu kutazama juu usiku, ni kupima kitu kimoja na kutumia kingine. Gololi ya uwanjani nayo ina dosari hiyohiyo, ndiyo maana Sirius bado naitembelea mwisho, kwa jicho, sekunde chache tu, nyota ikiwa imetolewa kidogo kwenye fokasi, kuona kama pete zote zina kitovu kimoja.

Aberrator nimeiweka kwenye kompyuta moja ya darasa. Ni ya zamani na ya bure, haigusi kamera. Unaiambia kipenyo cha darubini, uwiano wa fokasi, ukubwa wa kioo kidogo na kasoro unayotaka, nayo inakuchorea nyota itakavyoonekana. Mwanafunzi aliyeiona koma humo mchana haulizi usiku koma ni nini. ASTAP na N.I.N.A. nazo zinatajwa sana. Hizo zinapima nyota nyingi katika picha nzima kujua kama sensa au vioo vimeinama, na ni kazi ya mwenye mota inayofuata nyota na kamera ya kupiga picha ndefu. Kwa darubini ya kusukuma kwa mkono hazina la kukusaidia, usimalize bando lako.

Naulizwa sana na walimu wenzangu kama wanunue leza ya kupangia vioo badala ya haya yote. Leza ya bei rahisi ina ugonjwa uleule wa kamera: yenyewe haijanyooka ndani ya ganda lake. Ilaze kwenye vijiti viwili vya mbao, uizungushe huku doa likiwa ukutani upande wa pili wa darasa. Doa likichora duara badala ya kukaa palepale, leza hiyo haijanyooka, na nyingine hazina hata skrubu za kuinyoosha. Kamera iliyopotoka unaihamishia kitovu kwenye programu na kazi inaendelea. Hela ya leza nunua Barlow ya mara 2, na chenji ikibaki, kebo ndefu ya USB, ile ya mita tatu, ili laptopu isikae karibu na miguu ya watoto.